Mshipa si Ugonjwa Mmoja: Somo la Afya kwa Wanaume wa Kazi za Nguvu

Bongwe ni kijiji cha Kwale kilicho bara kidogo ya Ukunda na ufuo wa Diani, katika nchi ya minazi, mikorosho na miembe. Alfajiri, kabla jua halijapata nguvu, wanaume wa sehemu hizo hutawanyika kila mmoja kwa kazi yake. Wako waendao timboni kukata mawe ya matumbawe ya kujengea nyumba, wako wapandao minazi na kotama zao kiunoni, wako waendeshao pikipiki za bodaboda barabara ya Ukunda, na wako washukao pwani kwenye mitumbwi na nyavu. Katika kazi hizo ni nadra kumwona mwanamke, na kila moja ina elimu yake. Mkata mawe hujua kwa mlio wa sururu kwamba jiwe lina ufa ndani. Mgema hutikisa kuti kwanza, ndipo alitegemee. Mwenye pikipiki husikia injini ikikohoa akajua kama ni plagi au ni petroli chafu, na mvuvi hutazama mwezi akajua siku za bamvua na siku za maji mafu. Elimu hiyo haikuandikwa kitabuni, walakini anayeipuuza hulipa siku hiyo hiyo.

Basi kwa nini wanaume hao hao, wenye macho na masikio makali namna hiyo, hupitwa na dalili za miili yao wenyewe? Sababu ni nyingi, na mojawapo ni neno. Timboni, stejini na mangweni, maradhi mengi yampatayo mwanamume chini ya kitovu huitwa kwa jina moja tu, nalo ni mshipa. Aliyevimba korodani ana mshipa. Mwenye uvimbe kinenani utokezao anyanyuapo mzigo, naye ana mshipa. Akojoaye kwa taabu, mshipa. Na kijana aliyeshikwa na maumivu ya ghafula usiku, husemwa kuwa mshipa umempanda. Madhali jina ni moja, dawa pia hutafutwa moja: mizizi ya kuchemsha, au kitambaa cha kufunga kiunoni, au subira. Lakini maradhi hayo si mamoja. Liko linaloweza kungoja mwaka mzima bila kumdhuru mtu sana, na liko lisiloweza kungoja hata jioni.

BUSHA NA MBU WA USIKU

La kwanza ni busha. Katika ugonjwa huu maji hukusanyika ndani ya mfuko unaozunguka korodani, na mfuko huvimba polepole, mwaka baada ya mwaka, aghalabu bila maumivu makubwa. Busha laweza kuwa na sababu zaidi ya moja, lakini katika pwani ya Afrika Mashariki sababu iliyojulikana kwa muda mrefu ni minyoo myembamba kama uzi, ile ile iletayo matende ya miguu. Minyoo hiyo huletwa na mbu. Mbu akimuuma mtu mwenye ugonjwa hunyonya vijinyoo vichanga pamoja na damu. Vijinyoo hukua ndani yake kwa siku kadhaa, kisha mbu huyo akimuuma mtu mwingine humwachia. Mnyoo uliokomaa hukaa katika njia za maji ya mwili kwa miaka 6 hadi 8, na kwa wanaume hupenda kukaa karibu na korodani. Ndiyo maana mtu aweza kuumwa na mbu tangu utotoni na busha lisionekane mpaka awe mtu mzima mwenye mke na watoto. Shirika la Afya la Ulimwengu limekadiria kwamba wanaume wapatao milioni 25 duniani wana mabusha yatokanayo na minyoo hiyo. Kwa hiyo mwanamume wa Kwale aliye nalo hayuko peke yake, ijapokuwa aibu humfanya adhani hivyo.

Wazee wengi wa pwani husema kwamba busha huletwa na madafu. Yeyote aonaye maji ndani ya dafu na maji ndani ya busha aweza kuelewa wazo hilo lilikotoka. Wengine husema ni kwa kubeba mizigo mizito, au kwa kukaa sana juu ya kiti cha baiskeli, na siku hizi cha pikipiki. Hakuna haja ya kuwacheka. Daktari Patrick Manson, Mskoti aliyefanya kazi katika mji wa Amoy nchini China, aligundua mwaka 1877 kwamba vijinyoo hivyo hukua ndani ya mbu. Hata hivyo yeye mwenyewe alidhani kwa miaka mingi kwamba watu huambukizwa kwa kunywa maji ambamo mbu wamefia. Mwaka 1900 ndipo George Carmichael Low alipowaona vijinyoo wakiwa katika mdomo wa mbu, tayari kuingia kwa mtu anayeumwa. Ikiwa bingwa alikosea kwa zaidi ya miaka 20, mgema wa Bongwe naye asihesabiwe mjinga. Lakini asiache kunywa madafu huku akilala bila chandarua.

Jambo jingine lililotia watu wasiwasi ni wakati wa kupima. Vijinyoo hivi hutokea kwa wingi katika damu usiku, hasa karibu na usiku wa manane, saa ambazo mbu wengi huuma. Mchana hujificha. Kwa hiyo wapimaji wa zamani iliwabidi waende vijijini usiku na taa zao wakitoboa watu vidole, na katika pwani ambayo hadithi za mumiani zinasimuliwa tangu enzi za mababu, si ajabu kwamba wengine waliwafungia milango. Siku hizi kipo kipimo kinachotambua ugonjwa huo kwa tone la damu hata mchana.

Serikali ya Kenya ilianza kugawa dawa kwa watu wote wa sehemu zenye ugonjwa huo katika Kilifi mwaka 2002, na mwaka uliofuata kazi hiyo ikaenea hadi Kwale na Malindi. Dawa zilikuwa mbili zimezwazo pamoja, na shabaha yake ilikuwa kuwaua vijinyoo waliomo katika damu ili mbu wasipate cha kubeba. Hapa ndipo pa kuelewa vizuri, maana wengi walikasirika kwa kutokuelewa. Dawa hizo hazikukusudiwa kukausha busha lililokwisha kuvimba. Mwenye busha aliyezimeza akaona halikupungua alidhani amedanganywa. Zaidi ya hayo, baadhi ya waliozimeza walishikwa na homa na kuumwa kichwa, na wanaume wengine walihisi maumivu ya korodani kwa siku chache. Maumivu hayo hutokea kwa sababu minyoo inakufa mwilini. Yaani humpata zaidi yule aliyekuwa nayo. Lakini yule aliyeumia alikwenda kazini akasema kwamba dawa ya Serikali inaharibu uume, na waliomsikia hawakuwa na neno la kumjibu. Watafiti waliofanya uchunguzi katika Kwale na Malindi, uliochapishwa mwaka 2012, walitazama jinsi maoni ya watu na mambo yaliyowapata wenyewe yalivyowafanya wameze dawa au waziache. Neno moja la rafiki aliyeumia lina nguvu kuliko karatasi kumi zilizobandikwa ukutani.

Lililokwisha kuvimba huondolewa kwa kupasuliwa. Daktari humtia mgonjwa ganzi, hupasua mfuko, huyamwaga maji, kisha huukata au kuugeuza ule utando ili maji yasikusanyike tena. Korodani yenyewe hubaki mahali pake. Upasuaji huo haukusudiwi kumwondolea mtu uume wala uzazi, na wengi waliokuwa wameacha kazi na kujifungia nyumbani hurudi kwenye shughuli zao. Kutoboa kwa sindano ili maji yatoke hakufai. Maji hurudi, na sindano chafu huleta usaha. Wapo watu wafanyao kazi hiyo kwa siri kwa malipo madogo, na wagonjwa wao huishia hospitali wakiwa na hali mbaya kuliko mwanzo.

Kuhusu mbu, mfano mzuri uko ng'ambo ya bahari, Unguja. Katika kijiji cha Makunduchi, mwaka 1988, vyoo vya shimo vilivyokuwa na maji vilimwagiwa chembechembe nyepesi za plastiki zielealazo juu ya maji, mbu wasipate pa kutagia wala viluwiluwi pa kuvuta pumzi. Na watu wakapewa dawa. Mbu walipungua sana na ugonjwa ukapungua pamoja nao. Choo cha shimo chenye maji nyuma ya nyumba ni kiwanda cha mbu, hata kama kila mtu wa nyumba hiyo amemeza dawa.

NGIRI ISIYO YA PORINI

La pili ni ngiri. Hili si busha, ijapokuwa kwa macho huweza kufanana, maana ngiri kubwa huteremka mpaka katika mfuko wa korodani. Ndani yake hamna maji bali mna utumbo, au mafuta ya tumboni, yaliyopenya mahali palipolegea katika nyama za kinena. Hapa wale wasemao kwamba mzigo mzito huleta mshipa wana sehemu ya haki. Kunyanyua mawe, kukohoa kwa muda mrefu na kujikamua chooni huongeza msukumo wa tumbo, na mahali palipo dhaifu hupasuka kidogo kidogo. Mkata mawe na mpakiaji wa lori wapaswa kuijua ngiri kama wanavyolijua jiwe lenye ufa.

Njia za kuzitofautisha si ngumu. Ngiri kwa kawaida hutokeza mtu asimamapo, akohoapo au anyanyuapo kitu, na alalapo chali hurudi ndani. Busha halirudi. Daktari naye huchukua kurunzi akaimulika nyuma ya uvimbe katika chumba chenye giza: maji ya busha hupitisha nuru, uvimbe ukang'aa wekundu kama kiganja kilichofunika taa, utumbo haupitishi. Hata hivyo busha la miaka mingi lenye ngozi nene laweza kukataa nuru, kwa hiyo mtu asijipime kwa tochi ya simu nyumbani akajitolea hukumu. Kazi hiyo ni ya tabibu.

Hatari ya ngiri ni hii. Siku moja utumbo uliotoka hushindwa kurudi. Mlango uliopitia huubana, damu ikakatika, na utumbo ukaanza kufa. Uvimbe huwa mgumu na huuma sana. Mgonjwa hutapika, tumbo hujaa, na hapitishi choo wala upepo. Mtu huyo ana saa chache tu. Kumkanda kwa mafuta, au kumpa mizizi, au kumngojea fundi wa kukanda arudi kutoka matangani, ni kumpotezea saa hizo. Wenzake wa timboni wamchukue mara moja kwa gari au kwa njia yoyote iliyo ya haraka, wampeleke hospitali yenye chumba cha upasuaji, kama ile ya Rufaa ya Kaunti ya Kwale iliyoko Msambweni, kusini mwa Ukunda katika njia ya Lungalunga. Asipewe chakula wala kinywaji njiani, maana huenda akahitaji kutiwa usingizi.

Vivyo hivyo kwa kijana ashikwaye ghafula na maumivu makali ya korodani moja, pengine pamoja na kutapika. Korodani yaweza kuwa imejizungusha na kujinyonga kwa mshipa wake yenyewe, na hapa ndipo neno mshipa lina haki kamili. Isipofunguliwa na daktari katika muda wa kama saa 6, huweza kufa. Vijana wengi husubiri kupambazuke kwa kuona haya kumwamsha baba.

MKOJO NAO HUSEMA

Yako na mengine yachanganywayo na mshipa kwa sababu tu yako sehemu hizo. Damu katika mkojo, hasa matone ya mwisho, mara nyingi katika Kwale ni kichocho. Zamani wavulana wa vijiji vingi walipoona damu hiyo walidhani ni alama ya kubaleghe, na waliokuwa hawana walijiona wamechelewa! Theodor Bilharz aliugundua mnyoo wake mjini Cairo mwaka 1851. Mnyoo huo hukulia kwanza ndani ya konokono wa maji baridi, kisha hupenya ngozi ya mtu aingiaye majini. Konokono huyo haishi baharini. Mvuvi wa Diani hapati kichocho kwa kuogelea chumvini, lakini kijana aoshaye pikipiki yake bwawani huku maji yakimfika magotini aweza kukipata. Kikiachwa miaka mingi huharibu kibofu na figo, na huweza kuleta saratani ya kibofu. Dawa yake ni vidonge vimezwavyo kwa siku moja, hesabu yake ikifuata uzito wa mtu. Ndiyo maana mtu mnene hupewa vingi kuliko mwembamba, na hapana upendeleo ndani yake. Wazee waliotibiwa katika miaka ya 1950 walichomwa sindano kwa majuma, wakatapika na kudhoofika.

Mwanamume aliyepita miaka 50 ambaye mkojo wake umekuwa dhaifu, akatae kuambiwa kwamba ni uzee au mshipa. Huenda ni tezi dume iliyokua, na kukua huko kuko kwa namna mbili, moja ni saratani na nyingine siyo. Hakuna awezaye kuzitenganisha kwa kutazama usoni.

KUSEMA NA DAKTARI

Kujua maradhi ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kuyasema. Mfano ni mgema wa miaka 50 aliyesafiri kutoka kijijini, akangoja foleni tangu asubuhi, akaingia chumbani akamkuta daktari ni msichana wa umri wa binti yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibu uketi. Unasumbuliwa na nini leo?"

"Kichwa tu, mwanangu. Na viungo."

Akapewa dawa ya kichwa, akarudi nyumbani na ngiri yake. Daktari hakukosa, wala mzee hakusema uongo hasa. Heshima ndiyo iliyomfunga mdomo. Angeweza kuomba aonwe na tabibu mwanamume kama yuko, na ombi hilo si matusi. Matabibu hulisikia kila siku. Au, kama hayuko, angesema hivi: "Mwanangu, ni jambo la aibu kidogo, lakini nina uvimbe kinenani, upande wa kulia. Ulianza baada ya Mfungo. Ninapopanda mnazi hutoka, ninapolala hurudi. Juzi uliuma mpaka nikashuka mtini, lakini sikutapika." Maneno hayo machache yamemweleza daktari mahali, wakati, mwendo na hatari. Neno "nina mshipa" halimwelezi hata moja kati ya hayo.

Yako pia yapasayo kuulizwa kabla ya upasuaji. Mgonjwa hupewa karatasi ya kukubali, naye huweka sahihi au kidole. Wengi huweka kidole haraka, kama wanavyofanya katika karatasi za kupokea mshahara. Karatasi hiyo si ya kumwondolea hospitali lawama tu. Ni haki ya mgonjwa kuelezwa, kwa lugha anayoielewa, ni kitu gani kitakatwa, korodani itabaki au haitabaki, ganzi itachomwa wapi, na baada ya siku ngapi ataweza kunyanyua mzigo. Asiyejua kusoma asomewe. Asiyeelewa Kiswahili cha hospitali aombe aelezwe kwa Kidigo au Kiduruma, maana watumishi waijuao lugha hiyo mara nyingi wapo.

Kadhalika maandishi ya bahasha ya dawa. Pameandikwa "1 x 3". Si vidonge vitatu kwa mkupuo. Ni kimoja, mara tatu kwa siku, yaani kila baada ya saa 8. Mvuvi atokaye saa mbili usiku na kurudi alfajiri hana budi kumwambia mtoa dawa saa zake za kazi, ili zipangwe pamoja. Dawa ya kuua vijidudu ikiachwa siku ya pili kwa kuwa maumivu yamepoa, na nusu yake kupewa jirani mwenye "mshipa" pia, hapo watu wawili wamekosa matibabu kwa bahasha moja.

HABARI ZISIZOFIKA TIMBONI

Si haki kuwalaumu wanaume peke yao. Tangu zamani elimu ya afya vijijini imepita zaidi kwa akina mama. Mama mjamzito hupimwa, hupewa kijitabu, huhudhuria kliniki na mtoto mwezi baada ya mwezi, na kila mara husikia neno jipya. Baba yake mtoto hana siku ya kliniki. Mwezi Septemba mwaka 2023 Serikali ya Kenya ilizindua mpango wa wahudumu wa afya wa vijiji wapatao 100,000 nchini kote, wakapewa mikoba yenye vyombo vya kupimia presha, sukari, joto la mwili na uzito. Ni mpango mwema. Lakini mhudumu abishaye hodi saa nne asubuhi humkuta mama, bibi na watoto; mwenye nyumba yuko timboni. Hata wagawaji wa dawa za matende walipata taabu hiyo hiyo: kidonge cha aliyekuwa kazini huachwa mezani, na cha mezani mara nyingi hubaki mezani.

Kwa hiyo mashine ya presha ingefaa ifuate wanaume walipo: stejini wakati abiria ni wachache, pwani mitumbwi irudipo, timboni saa ya chai, na hata mangweni kabla kibuyu cha kwanza hakijazunguka. Si jambo dogo. Uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya alikuwa na presha iliyopanda, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa hata mara moja. Presha haina maumivu mpaka imekwisha kuharibu kitu. Nambari huandikwa mbili, ya juu na ya chini. Ikifika 140 juu au 90 chini, na ikawa hivyo kwa kupimwa zaidi ya siku moja, mtu yampasa aonane na tabibu. Na mwenye busha ana sababu ya ziada ya kuzijua nambari zake, kwa kuwa yule akutwaye na presha ya juu mlangoni mwa chumba cha upasuaji hurudishwa kwanza ikateremshwe, na siku aliyoomba ruhusa kazini ikawa imepotea.

Jambo la fedha nalo huwazuia wengi, hasa wale wasio na mwajiri. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya zamani ya hospitali iliondoka, na mahali pake pakashikwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ijulikanayo kama SHA. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara, kama mgema au mwenye pikipiki, hukadiriwa kwa pato la nyumba yake, na mchango haupungui Sh. 300 kwa mwezi, ingawa hutakiwa ulipwe wa mwaka mzima kwa pamoja. Mtu aliyeandikishwa hutibiwa katika zahanati na vituo vya afya kwa mfuko wa Serikali bila ya mchango huo; lakini kwa upasuaji wa hospitali kubwa mchango wapaswa uwe umelipwa. Anayengoja ngiri ibane ndipo akimbilie kujiandikisha amechelewa mara mbili. Vyama vya bodaboda, ambavyo wanachama wake tayari huchangiana kila siku kwa ajili ya misiba na kununua pikipiki, vingeweza kuweka kando sehemu ndogo kwa ajili ya mchango wa mwaka wa kila mwanachama. Kuchangia matibabu ya mtu akiwa hai si kazi ngumu kuliko kuchangia jeneza.

Baada ya upasuaji, wa busha au wa ngiri, mgonjwa hurudi nyumbani na karatasi. Juu yake huandikwa dawa zake, siku ya kutolewa nyuzi kama si za kuyeyuka zenyewe, na majuma ambayo hatanyanyua kitu kizito wala kupanda mti. Kidonda kikitoa usaha, au homa ikipanda, au uvimbe ukirudi mgumu na wenye maumivu, asingoje tarehe iliyoandikwa. Lakini ikiwa hakuna kibaya, tarehe ile ifuatwe, hata kama timboni lori limefika na wenzake wanamwita akapakie.